Seli ya neva hujuaje, miaka 80 baadaye, kwamba bado ni seli ya neva?

SWALI

Kamwene, daktari. Natumaini salamu ya Iringa nimeipatia. Mimi ni mwalimu wa biolojia, kidato cha tano na cha sita, hapa Tukuyu. Juzi tulikuwa kwenye mada ya uratibu wa mwili, mwanafunzi mmoja wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) akanyoosha mkono: "Mwalimu, umetufundisha kwamba protini huvunjwa na seli baada ya saa au siku chache. Umetufundisha pia kwamba seli nyingi za ubongo hazigawanyiki, kwa hiyo bibi yangu wa miaka 80 anatumia zilezile alizozaliwa nazo. Sasa kama protini zilizoiamuru seli iwe ya neva zilishavunjwa bibi akiwa bado tumboni, nani anaiambia leo iendelee kuwa ya neva? Kwa nini haigeuki ini?" Nikamwambia ni DNA. Akanijibu, DNA ya ini si ndiyo hiyohiyo? Darasa zima likacheka. Naomba unisaidie. Na kama inawezekana unieleze iwapo jambo hili linahusiana na ugonjwa wa Parkinson, maana mama yangu mkubwa anatetemeka mkono na hospitali wamesema ndio huo.

JIBU

Mugonile, mwalimu. Salamu umeipatia, na huyo mwanafunzi usimwachie akakimbilia masomo mengine. Swali lake watu wa maabara walianza kulijibu kwa ushahidi mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo halijaisha.

Jibu fupi la kumpelekea ni hili: seli ya neva haina mahali ilipoandika kwamba yenyewe ni ya neva. Inaambiwa upya kila siku. Zinazoiambia ni protini chache ambazo, pamoja na kuwasha jeni za kazi ya neva, huwasha pia jeni zinazozitengeneza zenyewe. Kila moja huvunjwa kama alivyosema, ila kabla haijavunjwa imeshaagiza itakayoshika nafasi yake. Ukizuia uagizaji huo, hata kwa mnyama aliyekwisha kukua, seli huanza kuacha kazi yake. Hapo ndipo ningekuomba ukazie darasani, kwa sababu vitabu vyetu vya shule huzungumza kana kwamba seli ikishapata kazi yake tumboni, mambo yamekwisha.

Tuanze na bibi. Je, ni kweli anatumia seli zilezile? Kwa gamba la ubongo, ndiyo, na namna ilivyothibitishwa inafaa kusimuliwa kwa wanafunzi wa kemia pia. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanyika angani, kabla ya mkataba wa mwaka 1963, yaliongeza kaboni-14 (aina ya kaboni yenye mionzi) hewani karibu mara mbili. Baada ya hapo ikawa inapungua mwaka hadi mwaka. Mimea iliivuta, watu wakaila, ikaingia kwenye DNA ya kila seli iliyozaliwa wakati huo. Seli isipogawanyika tena, DNA yake hubaki na kaboni ya mwaka ule. Jonas Frisén na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walipima DNA ya neva za gamba la ubongo za watu waliofariki, wakakuta umri wa neva unalingana na umri wa mwenye ubongo. Kwa upande wa protini pia kijana yuko sawa. Zipo chache zinazodumu miezi na hata zaidi, lakini zile tunazozizungumzia hapa kwa kawaida huhesabiwa kwa saa na siku.

Na wewe uliposema DNA hukukosea, ila hilo lilikuwa nusu ya jibu. Binadamu ana karibu jeni 20,000 za kutengeneza protini, na zote zimo ndani ya seli ya ini na ndani ya seli ya ubongo. Tofauti ni zipi zinasomwa. Kazi ya kuchagua zisomwe zipi inafanywa na protini za unukuzi: zinaingia kwenye kiini cha seli, zinashika vipande vifupi vya DNA, mara nyingi vya herufi 6 hadi 12, karibu na jeni husika, kisha ama zinakiita kimeng'enya kinachonakili jeni kuwa RNA, ama zinakizuia. Tunazo aina zipatazo 1,600. Yaani katika kila jeni kumi na mbili au kumi na tatu, moja kazi yake ni kusimamia nyingine.

Katika kiinitete, seli ambayo haijapata kazi hupewa maelekezo ya kwanza kutokana na mahali ilipo na wakati ilipozaliwa. Kwa mahali, mfano mzuri ni uti wa mgongo. Upande wa chini wa uti unaoumbika kuna seli zinazotoa protini iitwayo Sonic hedgehog. (Ndiyo, ni jina la mchezo wa kompyuta. Wanabiolojia wa miaka ya 1990 walikuwa na utani wao.) Seli zilizo karibu hupata nyingi, zilizo mbali hupata kidogo, na kila kiwango huwasha protini tofauti za unukuzi. Ukanda unaowasha Olig2 ndio unaotoa neva za kusukuma misuli; ukanda ulio chini yake huwasha Nkx2.2 na kutoa neva za aina nyingine. Mengi ya haya tuliyapata kwa Thomas Jessell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliofanya kazi kwa viinitete vya kuku na panya. Kwa upande wa wakati, Chris Doe na wenzake walionyesha kwa nzi wa matunda kwamba seli mama ya neva, kadiri inavyogawanyika, hubadilisha protini zake kwa mpangilio maalumu: Hunchback, kisha Krüppel, kisha Pdm, kisha Castor. Seli iliyozaliwa wakati wa Hunchback huwa neva ya aina moja, mdogo wake wa wakati wa Krüppel huwa ya aina nyingine, na mama ni yuleyule.

Sasa angalia. Protini hizi ni za kupita. Neva ya kusukuma misuli inapokomaa, Olig2 hutoweka. Seli mama ya nzi huiacha Hunchback baada ya migawanyiko michache. Kwa hiyo mwanafunzi wako ameona sawasawa: walioamua wameshaondoka.

Jikoni Makete, mwezi wa saba baridi inapokaza, moto hauwashwi upya kila asubuhi. Kiberiti kilitumika siku ya kwanza. Tangu hapo kuni zinazowaka ndizo zinazowasha kuni mpya, na usiku makaa hufukiwa majivuni ili alfajiri yawepo ya kuanzia. Olig2 na Hunchback ni kiberiti. Kinachotakiwa sasa ni kutafuta kuni, yaani protini inayojiendeleza yenyewe baada ya kiberiti kuzimika.

Aliyetuonyesha kuni hizo ni mnyoo. Anaitwa Caenorhabditis elegans, ana urefu wa milimita moja, anaishi kwenye matunda na majani yanayooza, na anakula bakteria. Wakulima wa nyanya kuanzia kwenu hadi Uyole wanawajua ndugu zake wa mbali, minyoo fundo, wanaovimbisha mizizi. Huyu wetu hamdhuru mtu wala mmea. Sydney Brenner alimchagua huko Cambridge katika miaka ya 1960 kwa sababu anakomaa kwa siku tatu hivi na mwili wake unapenya mwanga, unamwona hadi ndani akiwa hai. Lakini zawadi kubwa ni hesabu yake. Mnyoo mwenye jinsia mbili ana neva 302, na hesabu haibadiliki kutoka mnyoo mmoja hadi mwingine. Zimegawanywa katika aina 118 na kila moja ina jina lake. Sisi tuna neva zipatazo bilioni 86. Nani atazipa majina?

Kati ya hizo 302, sita zina kazi ya kuhisi mguso mwepesi. Martin Chalfie alizichunguza kwa kifaa kinachoweza kutengenezwa hata Tukuyu: unywele wa nyusi uliogundishwa kwenye njiti ya meno. Mnyoo mzima ukimpapasa kichwani anarudi nyuma. Chalfie alitafuta wale wasiojali kupapaswa, akafuatilia ni jeni gani imeharibika kwa kila mmoja wao. Nyingi zilikuwa jeni za vifaa: mlango wa ioni, mirija myembamba ya ndani ya neva, na kadhalika. Jeni mbili hazikuwa za vifaa. Ziliitwa unc-86 na mec-3, na protini zake ni za unukuzi. (Kwa desturi ya watu wa minyoo, herufi ndogo ni jeni, herufi kubwa ni protini yake.) Mnyoo asiye na mec-3 nzima bado ana seli zile sita mahali pake, ila hazina ile mirija yao ya pekee wala protini za kuhisi mguso. Zipo, lakini kazi hazina.

Kinachotokea ni hivi. UNC-86 hufika kwanza na kuiwasha mec-3. MEC-3 ikishatengenezwa, inashikana na UNC-86, na zikiwa pamoja zinakaa mbele ya jeni zote za vifaa vya mguso na kuziwasha. Na miongoni mwa jeni ambazo jozi hii inazikalia ni mec-3 yenyewe. Mduara umefungwa. MEC-3 ya leo inaagiza MEC-3 ya kesho.

Mwaka 2008 Oliver Hobert, naye wa Columbia, alikusanya mifano ya namna hii na kuzipa protini hizo jina la pamoja, ambalo kwa Kiswahili ningeliita viteuzi vya mwisho. Sifa zake ni mbili. Kwanza, kiteuzi kimoja, au jozi, hushika moja kwa moja jeni nyingi sana za kazi ya neva ile, bila kupitia ngazi ndefu za wasimamizi. Pili, hujiendeleza. Mfano anaoupenda, na mimi ninaoufundisha, ni neva mbili za kuonja chumvi kichwani mwa mnyoo, moja kushoto na moja kulia. Kiteuzi chake kinaitwa CHE-1. Mbele ya jeni zinazofanya kazi katika neva hizo, za vipokezi, za milango ya ioni, za homoni ndogondogo, kuna neno moja la DNA la herufi 12 linalojirudia, na CHE-1 ndiyo inayolisoma. Mbele ya jeni ya che-1 neno hilo lipo pia. Mnyoo asiye na CHE-1 unamwekea chumvi pembeni ya sahani, anapita zake.

Hebu tupumzike kidogo hapa, kwa sababu kuna jambo linalonishangaza kila ninapolifikiria. Kabla ya kazi hii ungeweza kudhani kwamba neva ni mkusanyiko wa sehemu zilizowashwa kila moja kwa sababu yake: kipokezi kwa amri hii, mlango wa ioni kwa amri ile. Ingekuwa hivyo, hapana shaka ndani ya miaka 80 amri moja ingepotea, halafu nyingine, na bibi angebaki na neva nusunusu. Kwa kuzifunga jeni zote kwenye neno lilelile na msomaji yuleyule, seli imepunguza tatizo la kudumisha mamia ya jeni likawa tatizo la kudumisha protini moja au mbili. Hiyo ndiyo sababu ninaona kujiendeleza na kusimamia jeni nyingi ni mambo yasiyotenganishika.

Lakini protini moja nayo inaweza kupotea. Molekuli ndani ya seli haziendi kwa ratiba. Leo zinatengenezwa nyingi, kesho chache, kwa bahati tu. Mduara unaojiendeleza una hatari yake: kiwango kikishuka mno hata mara moja, hakuna wa kuuanzisha upya, kwa sababu kiberiti kilishatupwa. Kwa nini basi hauzimiki? Kikundi cha Jeroen van Zon, Amsterdam, kilitoa jibu zuri mwaka 2021. Waliifanya CHE-1 iwe inavunjwa kwa kumlisha mnyoo oksini, homoni ileile ya mimea tunayofundisha kidato cha tatu, ambayo mnyoo hana kazi nayo. Oksini ilipowekwa, CHE-1 ikapungua sana, jeni za kuonja chumvi zikanyamaza, na minyoo wakaacha kuifuata chumvi. Kwa nje neva imekufa kikazi. Lakini jeni moja iliendelea kunakiliwa: che-1 yenyewe. Oksini ilipoondolewa, kila kitu kikarudi.

Maelezo yao ni kwamba molekuli chache za CHE-1 zinazobaki hazigawanywi sawa. Jeni ya che-1 inazishika kwa nguvu kuliko jeni nyingine, kwa hiyo wakati wa uhaba yenyewe huhudumiwa kwanza. Ndiyo makaa ya majivuni. Sehemu inayoleta upendeleo huo ni kipande cha DNA cha herufi 130 tu mbele ya jeni. Walipokata ndani yake neno dogo linaloshikwa na protini za unukuzi za jamii ya homeoboksi, minyoo walizaliwa wazima, neva zao za chumvi zikaanza kazi vizuri, kisha muda mrefu baadaye baadhi yao wakazipoteza, huyu leo, yule kesho, bila mpangilio. Mwonyeshe kijana jaribio hili hasa. Linatenganisha kuanzishwa na kudumishwa kwa mkato mmoja wa mkasi: kuanza kulibaki, kudumu kukaondoka.

Utasema, haya ni ya mnyoo anayeishi wiki mbili tatu. Mamalia je? Hapa ushahidi ni mdogo zaidi lakini unaelekea palepale. Neva za serotonini (kemikali ya kupelekea ujumbe) kwenye shina la ubongo wa panya huhitaji protini iitwayo Pet-1. Evan Deneris na wenzake, huko Cleveland, Marekani, waliwaacha panya wakue wakiwa na Pet-1 yao kamili, kisha wakaiondoa ukubwani. Neva hazikufa. Zilipunguza jeni za kutengenezea serotonini na za kuirudisha ndani ya seli, na panya wakaonyesha tabia za wasiwasi. Hiyo ilikuwa mwaka 2010. Kwenye jicho kuna mfano mwingine. Seli za retina za kuonea gizani hutegemea protini iitwayo Nrl. Panya anayezaliwa bila Nrl hana seli hizo, mahali pake pana seli zinazofanana na zile za kuonea rangi. Mwaka 2013 ikaonyeshwa kwamba ukiiondoa Nrl kwa panya aliyekwisha kukua, seli za gizani huanza kuchukua baadhi ya sifa za seli za rangi. Baadhi, si zote. Umri nao una uzito wake, na sababu yake ni hii inayofuata.

Wanafunzi wako wenye simu watakuuliza kuhusu epijenetiki: DNA kuzungushwa kwenye histoni (protini za kuifungasha), kuwekewa alama za methili, sehemu nyingine kukazwa zisisomeke. Hayo ni ya kweli na yanasaidia. Mwaka 2011 Baris Tursun na Hobert walijaribu kuwasha che-1 katika seli za uzazi za mnyoo na hazikujali, hadi walipoondoa protini moja ya kufungasha DNA iitwayo LIN-53. Baada ya hapo seli za uzazi zikageuka kuwa na sura ya neva. Kwa hiyo ufungashaji huzuia seli isiyumbishwe na amri za kubahatisha. Huko kwenye ini la bibi pia ipo protini iitwayo REST, iliyotambuliwa mwaka 1995, inayozima jeni za neva katika seli zisizo za neva. Hiyo ni sehemu ya jibu la "kwa nini haigeuki ini", kwa upande wa pili wake. Ila sikubaliani na wanaofundisha kwamba alama hizi ndizo kumbukumbu yenyewe. Vimeng'enya vinavyoweka alama za histoni havijui kusoma herufi za DNA kwa kiwango hicho. Hupelekwa mahali pa kazi, na wapelekaji wakubwa ni hizi hizi protini za unukuzi. Pet-1 ilipoondolewa, alama hazikutosha kuishikilia neva ya serotonini.

Jambo moja la kupita haraka: mwaka 2020 maabara ya Hobert iliangalia protini za homeoboksi katika mnyoo mzima na kukuta kwamba kila moja ya aina zile 118 za neva ina mchanganyiko wake usiofanana na mwingine. Kwa hiyo ukinitajia protini gani za jamii hiyo zipo, naweza kukutajia neva.

Sasa mama mkubwa. Pole sana, mwalimu. Parkinson kwa sehemu kubwa ni ugonjwa wa kufa kwa neva za dopamini (nayo ni kemikali ya kupelekea ujumbe) katika eneo la ubongo wa kati, na neva iliyokufa si sawa na neva iliyosahau kazi. Lakini mambo haya mawili yanapakana. Neva hizo zina kiteuzi chao, Nurr1. Panya anayezaliwa bila Nurr1, kama ilivyoonyeshwa mwaka 1997, hapati neva za dopamini za ubongo wa kati. Na mwaka 2009 kikundi cha Thomas Perlmann, Karolinska tena, kiliondoa Nurr1 katika neva zilizokwisha kukomaa, zikaanza kupoteza kimeng'enya cha kutengenezea dopamini na sifa nyingine za aina yake. Ndiyo maana watafiti wanajiuliza kama kuna kipindi ambapo neva ya mgonjwa bado ipo hai ila imeshalegea kikazi, na kama hapo inaweza kuokolewa. Kwa mama mkubwa, leo, hilo halina dawa.

Linalokaribia zaidi ni kupandikiza. Tangu mwaka 1987, protini iitwayo MyoD ilipoonyeshwa kwamba peke yake inaweza kuigeuza seli ya tishu unganishi kuwa ya misuli, tunajua kwamba protini za unukuzi zinaweza kubadilisha kazi ya seli. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka aliirudisha seli ya ngozi ya panya kwenye hali ya seli shina, yaani seli ambayo haijapata kazi maalumu, kwa protini nne. Mwaka 2010 kikundi cha Marius Wernig, Stanford, kiligeuza seli za ngozi za panya moja kwa moja kuwa neva kwa protini tatu: Ascl1, Brn2 na Myt1l. Na mwaka 2025 zilichapishwa taarifa za majaribio mawili, moja la Kyoto, Japani, jingine la Amerika Kaskazini, ambapo wagonjwa wachache wa Parkinson walipandikizwa seli za dopamini zilizokuzwa maabara kutoka seli shina. Lengo kuu lilikuwa kuona kama ni salama, na hilo lilionekana. Kutoka hapo hadi kwenye dirisha la dawa Mbeya mjini ni mbali, na atakayekuja kukuuzia "seli shina" kwa ajili ya mama mkubwa mfungie mlango.

Kwa sasa dawa yake ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Ikimsaidia, asiiache ghafla bila daktari, hata siku akijisikia nafuu, kwani kuacha ghafla kuna hatari. Mbegu za upupu zina levodopa kweli, na jirani akiambiwa hivyo atasema si ni hizohizo. Siyo hizohizo: kiasi kilichomo hutofautiana mno kutoka mbegu hadi mbegu, na akichanganya na vidonge hakuna atakayejua amekula kiasi gani.

Kwa darasa, nakupa zoezi. Chora ubaoni minyoo watatu. Wote wamewekewa kifaa kinachogeuka buluu kila mahali ambapo jeni ya mec-3 inasomwa. Wa kwanza ni mzima. Wa pili jeni yake ya mec-3 inasomeka, ila protini inayotoka ni mbovu, haifanyi kazi. Wa tatu hana UNC-86. Waulize: katika neva za mguso, nani ataonyesha buluu akiwa mchanga, na nani akiwa amekwisha kukua? Wape muda, wabishane, usiwasaidie. Jaribio hili lilifanywa na Jeffrey Way na Chalfie, likachapishwa mwaka 1989. Mnyoo wa kwanza ana buluu tangu utotoni hadi ukubwani. Wa tatu hana buluu kabisa. Wa pili anaanza na buluu kama wa kwanza, kisha inafifia na kupotea anapokua. Atakayeeleza kwa nini wa pili anatofautiana na wa tatu amelielewa swali la mwenzake.